Jasho la Pikipiki

Najua wapo watakaosema huyu naye kakosa la kuandika. Wenzake kwenye kurasa hizi wanaandika mapenzi, wanaandika jiji, wanaandika barua kwa aliyeondoka na hakurudi, yeye anatuletea habari za oili inayovuja kwenye shokapu ya pikipiki. Haya, semeni. Lakini wewe msomaji unayepanda bodaboda kuwahi kazini au chuoni, unakijua nini kile chombo zaidi ya nauli yake? Unamtazama dereva usoni, mnapatana, unapanda, unatoa simu. Mimi nilikaa upande wa mbele wa kiti hicho kwa miaka minne, pale Karatu, kuanzia 2014 mpaka 2018, na riwaya zangu zote nilizianza kuziandika nikisubiri abiria. Hakuna hata moja iliyonisumbua kichwa kama pete moja ya mpira inayoenea kiganjani.

Tuanze na mkataba, maana bila mkataba hutaelewa kwa nini tone la oili linaweza kumnyima mtu usingizi.

Mwenye pesa, ambaye vijiweni tunamwita tajiri hata kama utajiri wenyewe ni duka la vocha, ananunua pikipiki. Wewe usiye na pesa unaiendesha. Kila jioni unampelekea hesabu. Yangu ilikuwa shilingi 7,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, miezi 14; ukimaliza, kadi ya chombo inahamia kwako. Piga mwenyewe: siku 26 kwa mwezi, mara 14, mara 7,000, unapata milioni mbili, laki tano na elfu arobaini na nane. Pikipiki yenyewe dukani wakati ule haikufika bei hiyo, lakini dukani hawakukopeshi kijana aliyetoka kidato cha sita na cheti cha kujifunikia uso. Biashara ilikuwa bado changa kisheria pia. Kanuni za kuruhusu pikipiki kubeba abiria kwa malipo zilitoka mwaka 2010 tu, chini ya SUMATRA, ambayo mwaka 2019 nafasi yake ilichukuliwa na LATRA. Basi tukaandikiana kwenye karatasi moja pale stationari, mashahidi wawili, dole gumba, kwisha. Mistari miwili ya karatasi ile naikumbuka mpaka leo. Wa kwanza: matengenezo yote ni juu ya dereva. Wa pili: hesabu ikikosekana siku tatu mfululizo, mwenye chombo ana haki ya kukichukua. Haukusema lolote juu ya pesa ulizokwisha kulipa. Zinakwenda wapi? Zinakwenda na chombo.

Sasa barabara. Ukitoka Arusha ukapita Makuyuni na Mto wa Mbu, ukapanda ukingo wa Bonde la Ufa, unafika Karatu ukiwa juu ya lami, na lami hiyo hiyo inakupeleka mpaka geti la Lodoare, mlango wa Ngorongoro. Watalii hupita humo kwenye Land Cruiser zao, paa zinafunguka, kamera shingoni, wanaitazama Karatu kama mtu anavyotazama stesheni ambayo hashuki. Sisi hatuishi kwenye lami. Lami ni uti wa mgongo. Mbavu zote wakati ule zilikuwa udongo. Mbulumbulu udongo, Endabash udongo, na ile ndefu ya kushuka Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu, kando ya Ziwa Eyasi, udongo na mawe. Karatu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Eyasi kama 1,030. Hiyo tofauti unaishuka na abiria mgongoni, wakati mwingine na gunia katikati yenu.

Na udongo wetu si wa kawaida. Nyanda zote zile ni kazi ya milima ya moto. Kreta ya Ngorongoro ni mlima uliojibomokea ndani zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, Oldeani nao ni mlima wa moto uliolala, na Ol Doinyo Lengai huko kaskazini haujalala bado, ulitapika majivu mwaka 2007 na 2008. Ndiyo maana mahindi yanakubali, ngano inakubali, kahawa inakubali. Wageni huusifia udongo ule mwekundu na kuupiga picha. Lakini muulize fundi yeyote pale mjini. Atakwambia vumbi lake ni laini kama poda ya mtoto, linapenya mpaka kwenye saa ya mkononi, na ndani ya ule ulaini mna chembe ngumu zinazokwaruza chuma. Kinacholisha shamba ndicho kinachotafuna chombo.

Nikueleze shokapu ya mbele ilivyo, dakika moja tu. Ni bomba ndani ya bomba. La ndani limepakwa kromu, linang'aa kama kioo. La nje, huku chini, ndilo linaloshika gurudumu. Ndani mna springi na oili. Springi peke yake ingekudundisha kama mpira. Oili ndiyo inayoituliza, kwa sababu inalazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, na kupita kwenye kitundu kidogo kunataka subira. Wajerumani wa BMW walitoa pikipiki yenye shokapu za bomba zinazotulizwa na oili, ile R12, mwaka 1935, na mpaka kesho kanuni ya pikipiki zetu hizi za bei ya chini ni ile ile. Pale bomba la ndani linapoingia kwenye la nje pamekaa pete ya mpira. Hiyo ndiyo sili. Mdomo wake umeikumbatia kromu, umekazwa na springi nyembamba kama uzi, na juu yake kuna kofia nyingine ya mpira ya kuzuia vumbi. Kila unapopita shimo bomba linazama na kuibuka, na sili inaifuta kromu kama mtu anavyolamba kijiko. Kwa njia ya Mang'ola, kwa siku moja, inalamba mara elfu ngapi? Kofia ya vumbi ikichoka kidogo, chembe moja inapita, inakaa chini ya ule mdomo, mdomo unanyanyuka unene wa unywele. Oili haihitaji mlango mkubwa kuliko huo.

Yangu ilianza mwezi wa saba, kiangazi kimekolea, mkataba una miezi mitano. Asubuhi moja nafuta pikipiki nikaona mstari mwembamba wa unyevu umeizunguka kromu ya kushoto. Nikaufuta. Kesho yake umerudi, na vumbi limeugandia, umekuwa uji mweusi. Wiki iliyofuata na wa kulia ukaanza, ingawa kidogo. Kijiweni nikawaonyesha wenzangu. Kijiwe ni bunge, msomaji, na kila mbunge ana hoja.

"Hiyo jasho tu, aisee," akasema wa kwanza. "Chombo kinafanya kazi, kisitoe jasho kwa nini?"

"Tia oili namba 40," akasema wa pili. "Ile nzito. Nzito haipenyi."

Wa tatu akasema kata tyubu ya baiskeli, zungushia pale juu, kaza na waya. Wa nne, mkongwe kuliko sisi wote, akacheka mpaka akakohoa. "Dogo, mimi yangu nilishaimwaga yote tangu mwaka juzi. Springi inatosha. Shokapu isiyo na oili haivuji, au uongo?"

Si uongo. Na marehemu haugui.

Nilizipima hoja zile moja moja, kwa sababu siyo za wapumbavu, ni za watu wanaodaiwa hesabu jioni. Ya kumwaga oili niliiacha kwa mwenyewe. Pikipiki yake ilikuwa inarukaruka kwenye mawe, na tairi ya mbele iliyo hewani haina breki wala haina usukani. Tyubu inazuia usione uvujaji, haizuii uvujaji. Tena inalikusanya vumbi na unyevu na kuvibana pale pale kwenye kromu, kutu inapata nyumba. Na oili namba 40 ni ya injini. Alfajiri ya kumpeleka mfanyakazi getini Lodoare, ukungu umeshuka, vidole havijisikii, oili nzito inagoma kupita kwenye vile vitundu na shokapu inakuwa gogo. Halafu, chembe ikiwa bado iko chini ya mdomo wa sili, nzito nayo itapita. Itachelewa tu.

Lakini kilichonitisha hakikuwa shokapu. Ilikuwa breki.

Oili inayovuja haiendi mbinguni, inateremka. Inafuata bomba la nje mpaka kwenye ekseli, na kwenye pikipiki yangu diski ya breki ilikuwa upande huo huo wa kushoto. Jumapili jioni nikaenda uwanja wa mpira, hakuna mtu, nikaondoka taratibu na kukaba breki ya mbele peke yake. Mkono wa breki ulikuja vizuri. Pikipiki haikusimama. Iliendelea kutembea kama vile nimekaba breki ya mtu mwingine. Nikarudia, ikawa vile vile. Nikainama kuigusa diski, kidole kikatoka kinateleza. Sasa ujue kwamba ukikaba breki uzito unahamia mbele, tairi ya nyuma inakuwa nyepesi, kwa hiyo kazi kubwa ya kusimama inafanywa na breki ya mbele. Kwenye lami kavu ya tambarare breki ya nyuma itakubembeleza. Kwenye mteremko wa Mang'ola, changarawe, mbuzi wanakatiza, ya nyuma ikibana tairi linafagia, na wewe na abiria wako mnalifuata.

Jumatatu asubuhi nilikuwa na mteja. Mama mmoja wa vitunguu, kila Jumatatu nilimshusha Mang'ola na kumrudisha Jumanne, anamlipia mtoto wake shule kwa safari hizo. Siku hiyo alikuja na mtoto mdogo mgongoni, wa miezi minane, kitenge kimemfunika mpaka kichwani kwa ajili ya vumbi.

"Shikamoo mama. Leo sikupeleki. Breki haipo."

Akaitazama pikipiki. Nilikuwa nimefika nayo pale, injini bado inanguruma. "Mbona inatembea?"

Jibu sikuwa nalo. Kutembea inatembea, kusimama ndiyo haisimami, na hilo huwezi kumwonyesha mtu saa moja asubuhi pembeni ya barabara. Nikamwambia mama, subiri basi. Basi lilishaondoka. Nikageuka kuwatazama wenzangu, na kila pikipiki niliyoitazama siku ile, msomaji, niliitazama miguu ya mbele kwanza. Aliyemchukua alikuwa yule wa tyubu. Tyubu yake ilikuwa nyeusi, imelowa. Nilimwambia, "Kaka, na yako angalia," akasema, "Wivu huo," kwa utani, wakaondoka. Nikabaki naangalia vumbi lao mpaka likakata kona.

Walifika salama. Nakwambia mapema ili usisubiri ajali, ajali haikutokea. Jumanne yule mama alirudi na vitunguu vyake na mtoto wake, akanipita pale gereji akasema tu, "Mwenzako alinifikisha." Hakusema kwa ubaya. Jumatatu zilizofuata alikuwa mteja wa mwenzangu. Hesabu ya kijiweni iko hivyo: aliyekataa hana cha kuonyesha, na aliyefika amefika. Mimi mpaka leo nasema nilifanya sawa, na sina hata ushahidi mmoja.

Tajiri nilimpigia Jumatatu ile ile.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Hesabu vipi?"

Nikamweleza. Akasikiliza, maana si mtu mbaya, kisha akauliza, "Ya nyuma ipo?"

"Ya nyuma ipo, bosi."

"Sasa si unaendesha polepole?"

Nikamwambia sili ni kitu cha kuchakaa, kromu ni ya kuchakaa, chombo bado ni chako, hivyo tugawane. Akanikumbusha mstari wa kwanza wa karatasi. Kisha, kwa upole, akanikumbusha na wa pili. Siku tatu. Nilikuwa nimeshamlipa miezi mitano, siku 130, laki tisa na elfu kumi. Hapo ndipo nilipoelewa mkataba wa bodaboda unauza nini hasa. Pikipiki ni ya tajiri mpaka siku ya mwisho, ila hatari yote ya pikipiki ni ya kijana tangu siku ya kwanza, na kijana naye, ili asipoteze kilichokwisha lipwa, anaisogeza kidogo nyuma, kwa abiria. Abiria hajui kwamba amesogezewa. Anauliza tu, mbona inatembea.

Fundi wangu alikuwa mzee, anafanyia kazi chini ya mti, maboksi mawili ya spana na kigoda. Alipitisha ukucha kwenye kromu ya kulia, kutoka juu mpaka chini, polepole, amefumba macho. Kisha ya kushoto. Kwenye ya kushoto ukucha ukasita.

"Hapa pana kidonda," akasema. "Huku kulia pasafi. Kulia pengine ni mchanga tu umekaa mdomoni. Usinunue kitu kabla hatujamsafisha meno. Una negativu?"

"Negativu gani, mzee?"

"Za picha. Za zamani."

Kwa nini negativu? Kwa sababu ule utepe wa filamu ni mwembamba, mgumu kiasi, laini pembeni, haukati mpira wala haukwaruzi kromu. Unaukata ncha yake kama ndoano ndogo. Unainyanyua kofia ya vumbi kwa bisibisi iliyoviringishwa tambara, unauchomeka utepe kati ya sili na kromu, unauzungusha pale pale ukiuvuta juu kidogo kidogo, na ile ndoano inachokoa mchanga na kutoka nao. Huko Ulaya na Marekani, nimekuja kujua baadaye, wanauza kifaa cha plastiki kwa kazi hiyo hiyo, lakini mafundi waliianza kwa filamu. Mimi nikaenda studio mbili za mjini. Mwaka 2014 hakuna tena mtu wa filamu, yote kamera za kadi na simu. Mmoja akanicheka: "Hizo tulichoma moto zamani."

Nikarudi nyumbani. Mama akavuta sanduku la chini ya kitanda, akatoa bahasha ya kaki. Negativu za miaka ya tisini, za mpiga picha aliyekuwa akizunguka vijijini siku za mnada. Mama akaenda nazo dirishani, akaziinua moja moja kwenye mwanga, watu weusi wakiwa weupe na weupe wa nguo ukiwa weusi. "Hii kipaimara cha dada yako. Hii harusi ya shangazi." Akakaa kimya kwenye moja. "Huyu baba yako. Huyu hapana." Baba alifariki mwaka 2003, na picha yenyewe iliyosafishwa kutoka kwenye ile negativu ilioza ukutani paa lilipovuja. Akaendelea mpaka akafika mwanzo wa mkanda, kile kipande kilichoungua mwanga kabla picha hazijaanza, cheusi tii, hakina mtu. Akachukua mkasi wa kushonea akakikata mwenyewe, sentimita kumi hivi, akanipa.

"Hiki kikatengeneze breki," akasema. (Mwezi uliofuata niliibeba bahasha ile mpaka Arusha, nikampata mtu wa kuisafisha ya baba. Lakini hiyo ni habari nyingine, na nimeshaiandika mara tatu haikai.)

Mguu wa kulia ulipona kwa filamu. Kilichotoka kilikuwa mkunjo mdogo wa uji mweusi, ukiusugua kati ya vidole unasikia kikwarukwaru. Fundi akafuta, akakaba breki akaikandamiza pikipiki mbele mara ishirini, akapitisha kitambaa cheupe kwenye kromu. Kikavu. Mguu wa kushoto akaukandamiza hivyo hivyo, na mstari ukarudi, mwembamba, mkaidi, pale pale.

Kidonda chenyewe kilikuwa kitundu cha kutu kidogo kuliko punje ya ulezi, jiwe limeitoboa kromu. Kila kinapopita kwenye sili kinaikwaruza mdomo. Hapo filamu haisaidii. Hata sili mpya haisaidii kama kidonda kina kingo kali. Fundi akavua gurudumu, akafungua chuma cha breki na kukining'iniza kwa waya ili mpira wake usibebe uzito, akashusha mguu mzima, akafungua bolti ya chini kwa ile spana ya kuchomeka yenye pembe sita, akamwaga oili kwenye sufuria bovu. Ilitoka ya kijivu, inanuka samaki. Akakilainisha kidonda kwa msasa namba 1,000 uliolowekwa mafuta, akisugua kwa kuzunguka, si kwa kupanda na kushuka, maana mikwaruzo ya kupanda na kushuka inakuwa mifereji ya oili. Sili ya zamani akaing'oa akanionyesha uso wake: tarakimu tatu, upana wa ndani, upana wa nje, na kimo, kwa milimita. "Dukani usitaje jina la pikipiki. Taja hizi." Na kweli, duka la kwanza nikitaja jina la pikipiki wangenipa yenye upana mwingine. Saizi yangu Karatu haikuwepo, ikaja jioni na gari la Arusha.

Kuiingiza nayo ni kazi ya adabu. Bomba la ndani lina kingo juu, na kingo zinaweza kuukata mdomo wa sili mpya kabla haijafanya kazi hata saa moja. Mzee alivalisha kipande cha mfuko wa rambo juu ya bomba, akaupaka oili, sili ikateleza juu yake, kisha akautoa mfuko. (Mifuko hiyo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Mara ya mwisho nilipompitia anatumia pakiti ya maziwa.) Kuizamisha kwenye nyumba yake akatumia kipande cha bomba la plastiki la maji, chenye upana ule ule, akigonga kwa kuzunguka, kidogo kidogo, anasikiliza. Sauti ilipobadilika akaacha.

Oili akatia ile nyekundu ya gia za otomatiki, nyepesi. Kipimo? Chupa ya kunyonyeshea mtoto. Ina mistari ya mililita, rahisi kuliko kifaa chochote, na inaonyesha kwamba kushoto na kulia zimelingana. Yangu ilikuwa 150 kila upande. Yako uliza, kila chombo na chake. Diski akaiosha kwa petroli, kisha kwa sabuni na maji ya moto. Nikamuuliza kuhusu pedi za breki, na zenyewe si zitaoshwa? Akazichukua zote mbili akazirusha kwenye takataka. "Pedi iliyokunywa oili haileweki tena kuwa nzima. Ukiipasha joto inatapika."

Jumla shilingi 28,000, pamoja na nauli ya sili kutoka Arusha. Hesabu ya siku nne barabara. Nilikopa kwa mama elfu kumi na tano. Jumatano saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa barabarani, siku ya tatu, na jioni nikampelekea tajiri 7,000 yake. Zile siku mbili hakunisamehe, akazisogeza mwisho wa mkataba. Nikazilipa.

Sili huuzwa mbilimbili, kwa hiyo ya pili ilibaki. Mzee akaifunga kwenye karatasi. "Weka. Siku ya wa kulia inakuja." Ilikuja mwaka 2016, na kabla ya hapo nilimsafisha mguu ule kwa kile kipande cheusi kila mwisho wa mwezi, dakika tano, nikiwa nimekaa kijiweni. Wenzangu mwanzoni walinicheka. Kisha yule wa tyubu akaniazima. Kisha akaanza kuniuliza kama mama ana nyingine.

Kadi ilihamia jina langu mwaka 2015. Mwaka 2018 nikauza, niende chuo. Alikuja kuinunua kijana mmoja wa Endabash, mdogo kuliko mimi, amekuja na mjomba wake. Mjomba alisikiliza injini, akapiga tairi teke, akauliza imetembea kilomita ngapi. Kijana hakuuliza kitu. Aliinama, akazungusha kidole kwenye kromu ya kushoto, akakitazama kidole, akakifuta kwenye suruali, akahamia ya kulia.